Kutafuta Upepo Uliokoma Kharumwa

Niliondoka nyumbani Lushoto kwa sababu upepo ulikuwa umekoma. Cheka ukitaka, mjomba wangu alicheka mpaka akapaliwa na chai. Lakini hivyo ndivyo simu ya maandishi kutoka Shinyanga ilivyosema: mlingoti wa Kharumwa hauonyeshi upepo, mlinzi ametoroka, njoo upesi. Mama alinitazama nikiufunga mkoba ambao nilikuwa nimeufungua juzi yake tu, akasema mtoto gani huyu, kiguu na njia, hata likizo haimalizi. Moyo ulikuwa umeshapanda gari.

Kwa ndugu ambao bado wananiuliza ninafanya kazi gani, nieleze. Wakati ule, mwishoni mwa miaka ya tisini, nilikuwa fundi wa kupima upepo. Kampuni moja ya ng'ambo, yenye viwanda vinavyotoa moshi mwingi kuliko inavyopenda kusema, ilikuwa tayari kugharimia mitambo ya umeme wa upepo huku kwetu, ili usafi wa umeme wetu uwe kafara ya moshi wao. Mjomba aliuliza kama mtu anaweza kumlipa jirani asivute sigara ili yeye aendelee kuvuta. Nilimwambia ndiyo, mjomba, ndivyo wanavyofanya. Ila kabla ya kusimamisha hata panga moja la mtambo, upepo lazima upimwe mwaka mzima bila kukatika, na mkaguzi aje aone vipimo na kutoa hati kwamba upepo upo kweli. Hakuna hati, hakuna mitambo.

Tulikuwa na milingoti mitatu: mmoja nje ya mji wa Shinyanga, mmoja upande wa Runzewe, na wa tatu kwenye kilima karibu na Kharumwa. Wa Kharumwa ndio uliokuwa tegemeo letu. Juu kabisa una vikombe vitatu vinavyozungushwa na upepo, na chini una kisanduku kinachohesabu mizunguko. Mlinzi wake, Mabula, ambaye wote walimwita Baba Kabula, nilimchagua mwenyewe na kumfundisha mwenyewe kupanda. Alikuwa mtu mtaratibu, asiyesema mambo mawili pale moja linapotosha. Kuambiwa kwamba mtu yule ametoroka kuliniwasha mwilini kama upupu.

Morogoro nilipanda treni ya reli ya kati. Mvua za El Nino za mwaka uliotangulia zilikuwa zimeichezea reli vibaya, na treni ilikwenda kwa kupapasa, ikisimama mahali ambapo hata mbuzi hawakuwepo. Abiria wenzangu walilala, wakala kuku, wakalala tena. Mimi nilishuka kila iliposimama, nikatembea kando ya mabehewa, nikarudi kila honi ilipolia. Mama mmoja wa Tabora tuliyekaa naye aliniuliza kama kuna mgonjwa ninayemwahi. Nilisema hapana, nawahi upepo. Akasogeza kikapu chake mbali nami kidogo, na tangu hapo hatukuzungumza sana.

Shinyanga nilifika mchana wa jua kali, vumbi likitimka barabarani. Mfanyakazi mwenzetu mwenye gari alikuwa Runzewe na gari lake, kwa hiyo niliacha mzigo nilikofikia Ngokolo na kwenda moja kwa moja dukani kwa Bwana Hasham, muuza vifaa vya ujenzi, ambaye kamba na nyaya za milingoti yetu zote zilitoka kwake. Babu yake alikuja kutoka Gujarati; yeye mwenyewe amezaliwa Shinyanga na Kisukuma chake kinakishinda Kiswahili changu. Alikuwa anajua habari zote, maana malori yake ndiyo yanayosomba pamba ya kule.

"Mlinzi wako wamemtangaza mwizi," aliniambia akinimiminia chai. "Wanasema ameuza mashine yenu kwa wachimba dhahabu."

"Mashine gani? Vikombe vile havifai hata kunywea maji."

"Dada, wewe unajua hivyo. Wao wanajua mtu alikuwa analinda kitu cha thamani, kitu kimekufa, na mtu amekwenda Geita. Wewe ungefikiri nini?" Akaniongezea chai. "Lakini mwenye taabu si yeye. Wamemtenga mkewe."

Nilikuwa nimekaa magharibi ya nchi muda wa kutosha kujua maana yake, ila kwenu huenda msijue. Sungusungu, yaani walinzi wa jadi wa vijiji vya Wasukuma, wakishakubaliana kumtenga mtu, hapigwi wala hafungwi. Hasemeshwi tu. Hakuna wa kumpa moto, hakuna wa kuchota naye maji, mashine ya kusaga haimsagii, duka halimuuzii, na ng'ombe wake hawaruhusiwi kuchanganyika na wa wenzake. Atakayemjibu hata salamu anatozwa faini ya ng'ombe. Chai ya Bwana Hasham sikuimaliza. Niliuliza lori linaondoka saa ngapi.

Asubuhi iliyofuata tulitoka kwa njia ya Solwa na Salawe, lori tupu likiruka mashimo kama ndama. Dereva, mtu wa makamo aitwaye Jumanne, hakuwa na haraka na chochote. Alisimama kumsalimu huyu, akasimama kuonja karanga za yule, akasimama kubishana na mtu wa baiskeli kuhusu bei ya pamba. Kila aliposimama nilikuwa nikikanyaga sakafu ya lori kama kwamba breki na mafuta viko upande wangu.

"Dada, hiyo miguu yako itatoboa lori la mzee," alisema.

"Basi endesha nisiitumie."

Alicheka, akaongeza mwendo, na baada ya kilima kimoja akasimama tena kununua matikiti. Upepo ulikuwa unavuma kwa nguvu, ukipeperusha pamba iliyomwagika barabarani na kuinasa kwenye miiba. Kiangazi kile hakikuwa na siku moja ya utulivu. Kule Kharumwa kisanduku changu kilikuwa kinasema hakuna hata pumzi.

Kharumwa tulifika alasiri. Kitongoji chenye mlingoti kipo nje kidogo, na mlingoti wenyewe umesimama ndani ya ngitili, eneo la malisho ambalo wanakijiji hulifunga wakati wa mvua ili majani yabaki ya kulisha mifugo kiangazi. Walitupa sehemu ile kwa moyo mmoja, baada ya mimi mwenyewe kuwaambia mkutanoni kwamba upepo ukithibitishwa watapata umeme wa zahanati na wa pampu ya maji. Sasa niliukuta mlingoti umezungushiwa miiba, na wazee wawili wenye pinde wamekaa chini yake. Nilitazama juu. Miti ilikuwa inainama, kanga yangu ilikuwa inataka kuondoka na kichwa, na vile vikombe vimetulia tuli. Kwa umbali ule sikuweza kuona ni kwa nini.

Nilivua viatu nipande. Mzee mmoja akanyoosha upinde mbele yangu, kwa adabu lakini kwa uthabiti, akaniambia nimwone ntemi kwanza.

Ntemi wa sungusungu, yaani mkuu wao, alikuwa Mzee Nkwabi, mtu mrefu mwenye sauti ya chini. Alinipokea vizuri, nikaamkia, akaitikia, nikaletewa michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga na chai. Nilikula huku nusu ya mwili wangu imeshasimama. Nilimweleza kwamba kazi ya dakika chache juu ya mlingoti itatuonyesha kama kuna kilichoibwa.

"Ng'wanawane, mwanangu," alisema, "ukipanda wewe ukashuka ukasema kila kitu kipo, nani atakuamini? Huyu mtu ulimleta wewe. Watu watasema umekwenda kumrudishia."

"Basi apande mtu wenu."

"Hakuna mwingine anayejua. Na mwizi hawezi kusafishwa wakati mwenyewe hayupo. Aje. Apande mbele ya watu wote. Tukiona hakuchukua kitu, yamekwisha."

"Na mkewe, mzee? Yeye amechukua nini?"

Akatazama pembeni. "Alificha alikokwenda mumewe. Tumempa muda. Pamba ikimaliza kununuliwa na mume hajarudi, mkutano utamwambia ahame na watoto. Shamba litarudi kijijini."

Nikasema maneno makali, siyakumbuki yote. Yeye alisubiri nimalize, akaniambia kwa upole kwamba mama yake mzazi amefariki mwaka huohuo, mwanzoni mwa mavuno, na kwamba Baba Kabula aliondoka siku ya pili ya msiba ule, kabla ya matanga kuisha, bila kuaga. Mtu wa kuondoka msibani bila kuaga, alisema, ameshaonyesha moyo wake. Niliona hapo kwamba jambo hili lilimuuma yeye binafsi, na mtu aliyeumia ndiye aliyekuwa na upinde wa kijiji mkononi.

Jioni ile nilikwenda nyumbani kwa Mama Kabula, faini au si faini. Ua wake ulikuwa umefagiliwa safi. Alikuwa anatwanga mtama kwenye kinu, kwa sababu mashineni hawampokei, na watoto wawili walikuwa wanakoka moto kwa kupekecha vijiti. Nikamwamkia shikamoo. Aliinua mkono kunizuia.

"Usinisemeshe hapo nje, watakutoza. Ingia ndani."

Ndani aliniambia yote kwa haraka, kama mtu aliyefunga maneno kwenye kibuyu kwa muda mrefu. Mume wake alipata habari msibani kwamba mdogo wake kaangukiwa na mawe machimboni Nyarugusu. Alipita nyumbani kuchukua koti, akasema nakwenda kwa mdogo wangu, akaenda. Wazee walipomuuliza alikokwenda aliwaambia hayohayo, wakasema anaficha. Kuhusu mlingoti hakujua lolote.

"Nachota maji jua kali, wenzangu wakiwa wameshaondoka kisimani," alisema. "Nikikohoa watu wanatazama miti. Kabula ameuliza kama sisi bado tunaonekana."

Kabula ndiye binti yake mkubwa. Nilitaka kusema kitu cha kumfariji, na hakuna kilichokuja ila hasira. Nilimwahidi kwamba nitamleta mumewe kabla ya pamba kuisha kununuliwa. Sijui nilitoa wapi ujasiri wa kuahidi, maana pamba ilikuwa imebaki ya siku chache tu, na Jumanne alikuwa ameshaanza kuipakia.

Alfajiri nilipata pikapu ya kwenda Geita, na Geita nikapata gari lililobeba mashine ya kusagia mawe, nikakaa juu ya hiyo mashine mpaka Nyarugusu. Machimbo yale hayaelezeki kwa mtu aliyezoea vilima vyetu vya kijani. Ardhi imechimbwachimbwa, mashimo yamefuatana kila upande, juu ya kila shimo kuna kibanda cha turubai, na makarasha, ndizo hizo mashine za kusaga mawe, yanapiga kelele tangu asubuhi mpaka jua linazama. Kila mtu anakwenda mbio na hakuna anayefika. Niseme kweli, nilijisikia nyumbani.

Nilipokaribia mashimo yenyewe, ambayo wao huyaita maduara, kundi la wachimbaji waliovikwa vumbi jeupe lilinizuia.

"Sista, hapo hapo. Mwanamke hafiki kwenye duara. Utatukimbizia mali."

"Mali yenu siitaki. Namtaka Mabula wa Kharumwa."

"Yule wa upepo? Mwiteni Mzee Upepo!"

Jina lile lilinishangaza mpaka nilipoona kazi yake. Chini ya maduara hewa inakuwa nzito na mtu anaweza kuzimia, kwa hiyo wachimbaji hushona mfuko mrefu wa nailoni, wakatumbukiza mkia wake shimoni na mdomo wake wakauwamba kwenye miti juu, uelekee upepo. Upepo ukigeuka, mtu lazima augeuze mdomo. Baba Kabula ndiye aliyekuwa akikaa juu siku nzima akigeuza midomo ya mifuko ile, ili walio chini wapumue. Mdogo wake, ambaye mguu wake ulikuwa umevunjwa na jiwe, alikuwa amelala kwenye kibanda cha jirani, na kazi hii ndiyo iliyowalisha wote wawili.

Alikuja akijifuta mikono, akafurahi kuniona kabisa, bila hofu. Furaha ile ndiyo iliyonivuruga. Mwizi hafurahi hivyo.

"Fundi! Habari za siku? Mlingoti haujambo?"

"Mlingoti umekufa, Baba Kabula. Vikombe havizunguki tangu ulipoondoka."

"Ndiyo," alisema. "Nilivifunga."

Nikamtazama. Yeye naye akanitazama, akiona dhahiri kwamba sielewi, akaanza kunielewesha taratibu kama nilivyomwelewesha yeye zamani kufunga mkanda wa kupandia.

"Mama wa ntemi alipofariki, kila mtu aliacha kazi. Jembe halikugusa ardhi, mashine ya kusaga ilizimwa, hata ng'ombe hatukuwaswaga kwa sauti. Nikatazama juu, kile kitu kinazunguka peke yake, kinafanya kazi juu ya vichwa vya wafiwa. Nikaona si heshima. Nikapanda, nikakifunga kwa kipande cha kaniki tulichogawiwa msibani. Nilikusudia kukifungua matanga yakiisha. Kesho yake nikapata habari za mdogo wangu."

"Na hukumwambia mtu?"

"Msibani mtu hajitangazi. Na nilidhani nitarudi upesi."

Hapo nilitaka kucheka na nilitaka kulia, nikaishia kumgombeza. Nilimwambia kuhusu mwaka wa vipimo uliokatika, kuhusu hati na mkaguzi anayekuja na kampuni iliyokuwa ikisubiri. Alisikiliza kwa huzuni ya kawaida. Kisha nikamwambia kuhusu mkewe. Aliketi chini vumbini, mtu mzima yule, akashika kichwa.

"Mama Kabula? Wamemtenga Mama Kabula?"

Mchimbaji mmoja aliyekuwa karibu alimwambia asirudi, kwamba sungusungu wakimwita mtu mwizi hawamalizii kwenye maneno, na wengine waliitikia. Alikuwa anaogopa waziwazi. Aliingia kibandani kwa mdogo wake, wakasemezana. Mimi huku nje nilizunguka kibanda kile mara nyingi hata mchuuzi wa vitumbua akaniuliza kama nimepoteza kitu. Alipotoka alikuwa amevaa koti lake.

Wachimbaji waliahidi kumtunza mdogo wake na kugeuza mifuko kwa zamu. Tulirudi kwa njia ileile, na gari lililotubeba likaharibika kabla ya Geita. Utingo alikuwa chini ya gari akipiga nyundo. Mimi nilikuwa juu ya roho yake nikimuuliza kila mara kama tayari. Baba Kabula alikaa kando ya barabara. Aliniuliza swali moja tu njia nzima, kama watoto wake walikuwa wanakula.

Kharumwa tuliingia kabla ya jua kukaa sawasawa utosini, na jambo la kwanza nililoona ni lori la Jumanne limejaa, limefungwa turubai, liko tayari kuondoka. Kwenye kituo cha kununulia pamba walikuwa wanafagia. Watu walikuwa wameshaanza kukusanyika kwa mkutano. Walipomwona Baba Kabula walipiga filimbi, na kwa muda mfupi kijiji kizima kilikuwa ngitilini, wanaume mbele na pinde na marungu, wanawake nyuma. Mama Kabula alisimama peke yake na watoto wake, na nafasi tupu iliwazunguka pande zote. Mumewe alimtazama kwa mbali. Hakuruhusiwa kumkaribia.

Mzee Nkwabi alisema kwa kifupi: "Panda."

Akapanda. Nilisimama chini nimeshika waya wa mlingoti, na waya ulikuwa unatetemeka kwa upepo. Alifika juu, akafanya kitu kwa mikono, na mara vile vikombe vikaanza kuzunguka kwa kasi hata havionekani kuwa vitatu. Watu waliguna. Akashuka polepole, akavuka miiba, akaenda mpaka mbele ya Mzee Nkwabi, akapiga goti na kumpa kipande cha kitambaa cheusi kilichochujuka kwa jua.

"Nilivifunga kwa ajili ya msiba, ntemi. Nilikosa kuaga. Sikuiba."

Wafiwa walikuwa wamechana kaniki moja ya marehemu na kuwagawia watu wa karibu. Mzee Nkwabi alikitambua kile kitambaa kabla hajaelezwa. Alikishika kwa mikono miwili, akakitazama mbele na nyuma, na yule mtu wa sauti ya chini akalia mbele ya kijiji chake, machozi yakishuka bila kuyafuta. Nilikuwa nimemchukia kwa siku kadhaa, na hapo nilishindwa kuendelea.

Sauti yake ilipomrudia akatangaza kwamba Baba Kabula ni msafi, na kwamba tangu saa ile Mama Kabula ni mwenzao. Wanawake wakapiga vigelegele, wakamkimbilia kwa mikono iliyonyooshwa, wengine wakimwita kwa jina la mwanawe, wengine wakimwamkia.

"Ngojeni," alisema Mama Kabula.

Hakupaza sauti, lakini walisimama.

"Ntemi, mama yako alipofariki mlimnyamazia siku za msiba, mkaondoa matanga, mkarudi mashambani. Mimi mmeninyamazia tangu pamba iko shambani mpaka imepakiwa. Maiti hapa alikuwa nani? Yeye au mimi?"

Akamgeukia mumewe, na pale nikaona macho ya Baba Kabula yakitafuta pa kukimbilia.

"Na wewe, Baba Kabula. Ulipata nafasi ya kuuambia upepo unyamaze. Mimi mkeo hukupata nafasi ya kuniambia."

Akachukua ndoo yake na kwenda kisimani. Wanawake kadhaa walimfuata kwa mbali, hawajui kama wanaruhusiwa.

Siku iliyofuata nilikuwa nimeshafunga mkoba, Jumanne anapiga honi, Mama Kabula alipokuja. Alikuwa amevaa suruali ya mumewe chini ya kanga.

"Fundi, nifundishe kupanda kile kitu chako. Siku nyingine wakiniuliza, nipande mwenyewe nikaone."

Nilimwambia Jumanne atangulie. Alishangaa, mimi ndiye niliyemsumbua njia nzima kwa haraka. Nilimfunga Mama Kabula mkanda, nikamwonyesha pa kukanyaga, nikapanda nyuma yake. Katikati alisimama, akashikilia chuma kwa kifua, nikadhani atashuka. Aliendelea. Alipofika juu alikaa muda mrefu, akigusa vikombe kwa kidole, akitazama kijiji, kisima, mashine ya kusaga na njia ya Geita. Watu chini walikuwa wanamwita ashuke, kwa majina yote mazuri. Hakuwaitikia mpaka aliporidhika, na akashuka kwa muda wake.

Shinyanga nilirudi kwa baiskeli, pikapu na miguu yangu mwenyewe, nikamkuta mkaguzi ameshafika, Mzungu mrefu mpole mwenye Kiswahili cha kutosha kuombea chai na kuulizia habari. Alikuwa ameshaviona vipimo. Alisema, kwa masikitiko ya kweli, kwamba mwaka uliokatika hauhesabiwi. Kharumwa ianze upya, na kama kampuni itakuwa na subira ya mwaka mwingine yeye hawezi kusema. Nilikuwa nimejiandaa kubishana. Nilipofungua mdomo nikaona sina la kubisha, maana kwenye kisanduku kweli palikuwa na sifuri tupu. Nilisema Kharumwa itaanza upya, na mlinzi ni Mama Kabula.

Ndugu zangu mnataka kujua nimejifunza nini huko. Nimejifunza kwamba nilikuwa napima upepo wa watu ambao sikujua wanakaa kimya lini na kwa nini, na kwamba kimya chao kipo cha heshima na kipo cha kuua, na mashine yangu haikujua tofauti. Mkaguzi aliniuliza hitilafu ya chombo ilikuwa nini. Nikasema hakikuwa na hitilafu, kilikuwa msibani. Akaweka kikombe chake chini, akauliza ni nani aliyekufa.

Nikamwambia ni bibi mmoja, alikufa kwa uzee wake. Na kidogo tu wangemzika na mwanamke mwingine akiwa mzima, na mimi ningekuja na vifaa vyangu nikaandika kwamba hakukuwa na upepo.